Jinsi nilivyoacha kukwama nikiambiwa "jitambulishe"

Tatizo langu lilikuwa hili: nikiambiwa nijitambulishe, ulimi unakuwa mzito. Nasema jina, nasema "fundi", kisha kimya. Kwenye usaili mmoja nilitaja vyeti vyote kwa mpangilio, watu wakaanza kuchungulia simu. Uliofuata nikakariri maelezo, nikayasahau sentensi ya tatu.

Juzi, kwenye mafunzo ya mafundi hapa Kigoma, tuliambiwa tutaje kazi, tunachopenda, na alama moja yenye maana kwetu. Nikaanza na alama: grisi. Watu wakacheka, nami nikapata pumzi. Ndipo nikaeleza kuwa mwaka 1916, Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen humu Ziwa Tanganyika isitekwe, mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza, zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mimi natengeneza injini za boti za dagaa pale Kibirizi, na nyingi huletwa wenye nazo wakiwa wameshazikatia tamaa. Jioni navua kwa ndoana, ingawa mke wangu anasema hurudi na hadithi nyingi kuliko migebuka.

Kilichosaidia ni kutanguliza alama. Kazi ikajieleza yenyewe. Ila iwe kitu unachokishika kila siku. Mwanzoni nilitaka kusema simba. Simba ningemweleza nini mimi? Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimejaribu kwa sauti mara mbili tu, bila karatasi.