Wahadhiri wanne tunaotembeleana madarasani

Kundi letu ni la wahadhiri wanne, kila mmoja na idara yake, tunaotazamana tukifundisha ili tuboreshe ufundishaji wetu. Chuo Kikuu cha Miami, Ohio, Marekani, kilianzisha makundi ya wahadhiri wa idara mbalimbali wanaojifunza pamoja mwaka 1979, ila yale huwa na watu 8 hadi 12 na hudumu mwaka mzima. Kwa ratiba zetu hilo haliwezekani. Wanne wakitembeleana mara moja moja kwa muhula, tayari ni ziara 12.

Idara zitofautiane kwa makusudi. Anayelijua somo atakimbilia kusahihisha maudhui. Asiyelijua hukaa kama mwanafunzi na kuona hasa pale anapoachwa. Mkuu wa idara asiwemo, maana yeye ndiye anayesaini fomu za kupandishwa cheo.

Kabla ya ziara, mwenye darasa hutaja jambo moja la kuangaliwa. Bila hivyo utaambulia “somo lilikuwa zuri sana, daktari”, na heshima zetu hizi zinavyojulikana, mazungumzo yataishia hapo. Akisema “angalia nani anajibu maswali”, mgeni huchora ramani ya viti na kuweka nukta kwa kila anayejibu. Katika ukumbi wa watu 300, nukta hurundikana safu mbili za mbele.

Karatasi ya mgeni ina safu tatu: saa, anachofanya mhadhiri, wanachofanya wanafunzi. Hujazwa kila dakika tano, bila neno “vizuri” wala “vibaya”. Mfano: “2:20, anaandika mlinganyo akiwa ameupa ukumbi mgongo, nyuma wanapiga picha ubao, hawaandiki.” Baada ya kila swali, hesabu sekunde kimya kimya. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na wakifikisha tatu majibu hurefuka. Mhadhiri anaweza kuapa kwamba alisubiri sana. Karatasi ndiyo itakayomsuta.

Kikao kifanyike wiki hiyohiyo, kumbukumbu zikingali mbichi. Mgeni huanza na atakachokibadilisha katika darasa lake mwenyewe, kisha mwenye somo ndiye anayeuliza. Karatasi anaondoka nayo mwenye somo, na nakala haibaki popote. Ikishafika kwenye faili la ofisi, ziara inayofuata utaonyeshwa somo lililofanyiwa mazoezi.

Wiki za majaribio ziepukeni kabisa.