Simu Hupeanwa

Leo nimemjibu bosi. Anataka mikutano yetu ya kila wiki tuifanye ndani ya ile miwani aliyoniletea, Meta Quest 3, kompyuta ya kuvaa usoni inayofunika macho yote, nami nimemwambia kwamba kwa mikutano nitabaki na simu. Nimemwandikia kwa urefu, maana sikutaka aone nimedharau kitu kizuri.

Na ni kizuri kweli. Nyumba ninayofanyia kazi iko Mkomani, ya mawe ya matumbawe, na kama nyumba nyingi za kale hapa Lamu, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana: ukizidisha mita 3 hivi, hazihimili dari. Meza ikishaingia, kiti hakina pa kuzungukia. Nikiivaa miwani, ukuta unapotea, na mbele yangu zinasimama skrini pana kuliko chumba chenyewe: daftari la wageni, taarifa ya benki, malipo ya M-Pesa. Kulinganisha hesabu za mwezi, kazi iliyokuwa ikiniumiza macho kwenye kioo cha simu, sasa naiona yote pamoja. Usiku ule wa kwanza nilifurahi sana.

Lakini ina gramu 515, na karibu zote zinaelemea uso. Joto hili la kaskazi jasho linalowesha sponji upesi, mkanda unateleza juu ya mtandio, na chaji haidumu saa 3 nzima. Hayo naamini yatarekebishwa. Apple Vision Pro, miwani ya namna hiyohiyo iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, betri yake imeshatolewa kichwani ikawekwa kwenye waya, na bado wanaoivaa wanalalamikia uzito.

Kinachonizuia hasa ni mlango. Hapa kutwa ni hodi: wa maji, wa kufua, nahodha anayeuliza wageni wanavuka saa ngapi. Na juzi fundi, aliyekuja kuangalia dari ya juu. Bosi alikuwa hewani kwa WhatsApp, mimi nikijaribu kumweleza hali ilivyo. Fundi akachoka na maelezo yangu.

"Mwanangu, hebu nipe hiyo simu."

Akapanda nayo ngazi, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa boriti, akagonga kwa mpini wa nyundo. Mahali pazima palitoa mlio mzito. Palipoliwa na mchwa palilia kama debe tupu. Bosi, huko ng'ambo, akasikia mwenyewe.

"Ngapi za kubadilisha, fundi?"

"Hizi nne. Na chokaa ya upande huu yote ishuke."

Wakaelewana bei wao kwa wao, mimi nimeshikilia ngazi. Aliposhuka, fundi akanirudishia simu ina vumbi la chokaa, nikamtumia malipo ya awali kwa hiyohiyo.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya ofisi: simu inapita mkono kwa mkono, kila mwenye neno analisema. Miwani ni ya mtu mmoja. Kweli ina kamera zinazonionyesha chumba, namwona anayeingia, ila yeye hayaoni macho yangu. Siwezi kumwamkia mtu mzima nikiwa nimejifunika hivyo. Naona ni utovu wa adabu, na sitaki kuuzoea.

Kwa hiyo nimependekeza hivi: hesabu za mwisho wa mwezi, baada ya Isha, mlango umeshafungwa, nivae miwani. Mchana simu, na kibodi ndogo isiyo na waya, ambayo nimemwomba aninunulie. Akitaka kuongeza kitu, kuna miwani myepesi inayochomekwa kwenye simu kwa kebo, mingine haifiki gramu 100, mtu akibisha unaivua kwa mkono mmoja. Hiyo ningeijaribu kwa moyo wote.

Bado hajajibu. Boriti zinaanza kushushwa Jumamosi, na fundi ameshasema simu nimwachie yeye.