Gari la turbo likichemsha, uliza kwanza linachemshia wapi

Gereji nyingi za mtaani hapa Dar zina dawa tatu za gari linalochemsha: toa thamostati (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto), unga feni moja kwa moja, badilisha rejeta. Kwa gari lisilo na turbo, dawa hizo huangukia bahati mara nyingine. Kwa Forester ya turbo, Golf ya TSI au Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ, zinaficha ugonjwa mpaka gasketi ya silinda hedi inaondoka, na hapo bili inakuwa ya kushusha injini.

Sababu ni kwamba gari la turbo lina akiba ndogo ya kupoza. Turbo linashindilia hewa ndani ya injini, mafuta yanaongezwa, na injini ya lita 2 inazalisha joto la injini kubwa zaidi. Turbo lenyewe limekaa kwenye ekzosi, na beringi zake kwenye magari mengi zinapozwa kwa oili na maji ya rejeta. Halafu kuna intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Kwenye magari ambayo intakula iko mbele, rejeta inapokea hewa ambayo tayari imepita kwenye intakula na kondensa ya AC. Rejeta iliyoziba robo, ambayo mwenye Corolla asingeigundua mwaka mzima, huku itakusumbua Januari nzima.

Kwanza pata namba. Mshale wa dashibodi hautoshi. Kwenye Golf na Tiguan umetengenezwa ukae palepale 90 hata maji yakipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na ukiona umetoka hapo ujue umechelewa. Nunua kifaa kidogo cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) aina ya ELM327, kiunganishe na simu, usome joto la maji moja kwa moja. Forester iliyo nzima husoma kama nyuzi 85 hadi 95 barabarani, na hufika karibu 100 kwenye foleni kabla feni hazijairudisha. Golf yenye injini ya EA888 ikisoma 100 hadi 105 ikiwa imetulia, usiite fundi, ndivyo ilivyopangwa. Prado za zamani hazitazungumza na kifaa hicho, kwa hiyo chukua kipimajoto cha miale na upime kwenye shingo ya thamostati.

Sasa swali lenyewe.

Linachemsha kwenye foleni ya Mwenge au Tazara, ukipata njia linapoa: shida ni hewa. Mwendo ulikuwa unafanya kazi ya feni. Washa AC gari likiwa limesimama. Kwenye Forester feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Moja ikigoma, badilishana rilei zake (swichi zinazowasha feni) na za mwenzake kabla ya kulaumu mota. Kisha weka karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa ivutwe na kubaki imeganda. Ikisukumwa, fundi wa umeme aligeuza waya na feni inapuliza kinyume, jambo linalotokea zaidi ya unavyodhani. Angalia pia kava la feni na mpira au sponji inayoziba nafasi kati ya rejeta na bodi. Vikikosekana, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Kinga ya chini ya bampa, ile ambayo matuta huing'oa na watu hawairudishi, nayo ina kazi ya kulazimisha hewa ipite kwenye rejeta.

Prado, Hilux na dizeli nyingine zenye feni ya mkanda zina klachi ya feni yenye mafuta ya silikoni ndani. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka kwa uhuru raundi kadhaa, klachi imekufa. Kuifunga kwa bolti izunguke muda wote ni ufundi wa kubahatisha. Unakula mafuta na unaichosha beringi ya pampu ya maji.

Kuunga feni moja kwa moja bila rilei nako sikupendi hata kidogo. Mota inaungua mapema, na waya usio na fyuzi ni hatari ya moto.

Linachemsha kwenye mwendo wa 100 kuelekea Chalinze, au kwenye mlima wa Kitonga likiwa na abiria, lakini foleni inalivumilia: hewa ipo, ila maji hayapiti ya kutosha au rejeta haitoi joto. Hapa ndipo rejeta inashukiwa kwa haki. Pima uso wake kwa kipimajoto cha miale injini ikiwa ya moto. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Ukikuta kiraka kilichopoa katikati, mirija ya hapo imeziba. Kabla ya kusema inabadilishwa, tenganisha kondensa, intakula na rejeta uangalie katikati. Vumbi, wadudu na mifuko ya plastiki hukaa humo, ambako huwezi kuviona ukiwa mbele. Osha kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yote, na hapo umejiongezea tatizo.

Rejeta ikiwa safi, kagua mpira wa chini. Ukiwa mlaini kupita kiasi hujibana pampu inapovuta kwa mizunguko mikubwa, halafu ukisimama kuuangalia umerudi kawaida. Mwambie mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 3,000 wewe ukiuangalia. Baada ya hapo ni pampu ya maji: mapanga yaliyoliwa na kutu, au, kwa pampu za plastiki, panga linaloteleza kwenye shafti.

Kuna joto lisilotoka kwenye mfumo wa maji kabisa. Mpira wa intakula uliopasuka, katalisti (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba, au mchanganyiko wenye mafuta kidogo kwa sababu pampu ya petroli imechoka, vyote vinapandisha joto chini ya mzigo. Gari likiwa limepoteza nguvu pamoja na kuchemsha, anzia huko.

Maji yanapungua na hakuna tone sakafuni: kwenye gari la turbo hili si fumbo. Mabomba ya maji yanayokwenda kwenye turbo yamepita jirani na ekzosi. Yakivuja kidogo, maji yanakauka kabla hayajadondoka, yanaacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti (dawa ya rejeta) na harufu tamu ukifungua boneti. Kwenye dizeli zenye kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), chenyewe kinaweza kupasuka ndani na maji yakaondoka na moshi. Kwenye EA888, tazama nyumba ya plastiki ya pampu na thamostati chini ya manifoldi. Hupinda kwa joto na kuvuja. Dawa ni kupima shinikizo: injini ikiwa baridi, funga pampu ya mkono mahali pa mfuniko, panda hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi baa 1.1, usubiri dakika kumi. Mshale ukishuka, chukua tochi utafute.

Mfuniko wenyewe unadharauliwa. Maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka nyuzi 100. Yakibanwa kwa baa 1.1 yanafika takriban 121, na yakiwa nusu kwa nusu na kulanti yanapita hapo. Mfuniko uliochoka unakunyang'anya nyuzi zaidi ya ishirini, na mahali pa kwanza maji kuchemka ni kwenye turbo. Forester na Impreza za turbo zina mifuniko miwili: mmoja kwenye tangi dogo lililo juu karibu na intakula, mwingine kwenye rejeta. Haifanani. Wa tangi hufunguka karibu baa 1.1, wa rejeta karibu 1.4, na ukibadilishana nafasi maji hayaendi riziva (tangi la akiba) inavyotakiwa.

Thamostati: usiitoe. Kwenye dizeli nyingi za Toyota, sahani ya chini ya thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kwenye mlima. Kwenye petroli, kompyuta inadhani injini bado baridi na inaendelea kumwaga mafuta, nayo petroli hiyo inaishia kwenye oili inayolainisha turbo. Kama unashuku thamostati, ipime jikoni. Bana uzi kwenye valvu yake, itundike ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha. Ya Forester inaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na uzi utaachia hapo. Karibu na 91 iwe wazi yote. Fanya hivyo hata kwa mpya uliyonunua Kariakoo. Za bei rahisi nyingi zina mdomo mdogo kuliko ya awali. Ziweke pamoja mezani utaona.

Kulanti changanya na maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya chupa yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo, maana asidi ya betri huuzwa rafu ileile. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, na chumvi ndani ya hedi ya alumini ni kutu. Forester inameza lita saba na kitu. Ikikubali nne tu, hewa imebaki ndani. Inua pua ya gari, fungua skurubu ya kutolea hewa kwenye rejeta, jaza polepole kupitia tangi la juu mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha funga. Washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, minya mipira kwa mkono, panda hadi mizunguko chini ya 3,000 mara tano au sita, ongeza. Subiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita ikipuliza baridi ilhali maji ni 90, hewa bado ipo. Tatizo ni kwamba magari mengi hapa mipira ya hita imeshafungwa, eti nani anahitaji hita Dar. Irudishe. Hita ni rejeta ya pili ya dharura.

Linachemsha popote, na riziva inafurika mapovu: sasa fikiria gasketi. Mpira wa juu ukikakamaa dakika mbili baada ya kuwasha asubuhi, ni dalili mbaya. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, mjadala umeisha. Kwa kipimo cha uhakika kuna kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Gesi ya petroli hukigeuza njano, ya dizeli kijani. Kwenye EJ za turbo (injini za Subaru kama Forester) gesi mara nyingi hupenya chini ya mzigo tu, kwa hiyo kipime gari likitoka kukimbizwa, siyo likiwa limelala gereji. Hedi ikishuka, iwekwe rula ya chuma na ipimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Upinde ukizidi kikomo cha mtengenezaji inakwenda kukwanguliwa, na ya 1KZ ipimwe nyufa kwanza kwa sababu inajulikana kwa kupasuka. Dawa za kumwaga za kuziba gasketi huziba pia mirija myembamba ya turbo.

Likikupata njiani: zima AC, washa hita yote, toa mguu, paki. Hita ikipuliza moto, maji bado yapo, acha injini iendelee kuunguruma bila kukanyaga mafuta dakika moja au mbili ili turbo lipoe. Ikipuliza baridi, maji yameisha, zima papo hapo. Usifungue mfuniko mpaka mpira wa juu ulegee, na usimwage maji baridi kwenye injini kavu ya moto.

Kabla hujamlipa fundi, tembea naye na simu ikiwa imeunganishwa: dakika ishirini za foleni ya jioni AC ikiwa imewashwa, kisha barabara ya wazi na mguu mzito. Mkirudi, acheni lipoe kabisa na muangalie riziva. Iwe kwenye alama ileile mliyoondokea.