Umerudi Mombasa, na nyumba ya marehemu bado haijagawanywa

Wengi tunaorudi Pwani kutoka Uarabuni au Ulaya tunakuta hali ile ile. Baba alifariki zamani, nyumba ipo, na hakuna aliyeishughulikia kisheria. Mama yumo chumba cha mbele, kaka mkubwa anakusanya kodi ya vyumba vya nyuma, dada wameolewa na wanakuja Idi kwa Idi. Ukiuliza unaambiwa, "Tumeiacha tu, sisi ni kitu kimoja." Mimi naona anayerudi aanzie hapo, kabla hajanunua kiwanja, kabla hajafungua duka, na kabla hajatia hata mfuko mmoja wa simenti katika nyumba hiyo. Kugawanya si lazima mtu ahame. Kinachotakiwa kwanza ni kila mmoja ajue fungu lake, na liwe limeandikwa.

Mali ya marehemu ina mpangilio wake. Hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, yakiwemo mahari ambayo mkewe hakumaliziwa (deni hili husahauliwa mno, na mwenyewe huona haya kulidai). Halafu hutoka wasia, usiozidi theluthi ya kilichobaki, na mrithi hausiwi ila wenzake wakiridhia. Kinachosalia ndicho mirathi, na mafungu yake yako wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176.

Tuchukue familia ya kawaida: marehemu ameacha mke, mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni (moja ya nane), mama ana sudusi (moja ya sita), na baki ni ya watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja. Ili hesabu isivunjike, gawa kwa 168. Mke anapata 21, mama wa marehemu 28, kila mwana 34, kila binti 17. Nyumba ikithaminiwa shilingi 8,400,000, fungu moja ni 50,000. Basi mke ana 1,050,000, mama wa marehemu 1,400,000, kila mwana 1,700,000, kila binti 850,000. Jumlisha uone kama haitimii.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya kodi, na hapa ndipo ndugu hununiana. Nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja 5,600, inaingiza 33,600 kwa mwezi, yaani 200 kwa kila fungu. Toa matengenezo kwa risiti, kisha binti mmoja anastahili mpaka 3,400 kila mwezi. Si pesa nyingi, lakini zihesabu kwa miaka kumi na tano ambayo kaka amekuwa akizipokea peke yake. Huenda kweli amezitumia kumtibu mama na kuezeka bati upya. Akiwa na daftari, apewe haki yake na ashukuriwe. Asipokuwa nalo, mkae mkubaliane kiwango mbele ya mzee mnayemheshimu, kisha daftari lianze mwezi huo huo.

Kuchelewa kunaharibu zaidi ya kodi. Bibi yenu, yaani huyo mama wa marehemu, naye ni mjane, akifariki kabla ya mgao, zile 28 zake hazirudi kwenu wajukuu maadamu ana mtoto wa kiume aliye hai. Zinakwenda kwa ami zenu na shangazi zenu, nao wakifa zinakwenda kwa watoto wao. Ndiyo maana utasikia nyumba moja ya Majengo ina warithi arobaini, wengine wako Maskati, mmoja yuko Kanada na hajulikani anwani.

Sasa pesa za ughaibuni. Kijana yuko Doha, anatuma kila mwezi, nyumba ya baba inapandishwa ghorofa. Akirudi anasema ghorofa ni yake. Ndugu wanasema alimjengea mama. Pesa ile ilikuwa moja kati ya vitu vitatu: hiba (zawadi), mkopo, au ubia. Wakati wa kuituma hakuna aliyesema ni ipi, kwa sababu kusema kulionekana ni kumkosea mama adabu. Kama hujajenga, itisha warithi, thaminisha nyumba ilivyo leo kwa mthamini aliyesajiliwa, muandike kwamba kinachoongezeka juu ya thamani hiyo ni chako, wote watie sahihi pamoja na mashahidi wawili. Kama ulishajenga, kusanya risiti za kutuma pesa na jumbe za simu za wakati ule. Ujumbe wa mama wa "tumepokea za ukuta, Mungu akuzidishie" una uzito kuliko kumbukumbu yako yote.

Kuna nyumba nyingi Mombasa ambazo ukuta ni wa baba na ardhi ni ya mtu mwingine, mnamlipa kodi ya ardhi. Mnachorithi hapo ni jengo na nafasi ya kuendelea kulipa. Kabla ya ghorofa takeni idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi. Hifadhini risiti zote, hata zile za jina la marehemu, maana mwenye ardhi akiuza kwa mgeni ndizo zitakazosema mlikuwepo. Benki nyingi hazitaki jengo la aina hiyo kama dhamana, kwa hiyo msipange mkopo juu yake.

Nje ya nchi, dini hubaki kati ya mtu na Mola wake: kutafuta nyama ya halali, kuomba ruhusa ya Ijumaa kwa msimamizi asiyeelewa, kufuturu peke yako. Ukirudi unaona ilivyo rahisi kuswali safu ya mbele na papo hapo kula fungu la dada yako. Njia inayotumika kumnyima ni ya upole. Dada anaitwa mbele ya kaka zake wote, anaulizwa kama anadai, naye anasema, "Nimesamehe." Amesamehe nini, na hajui kiasi? Aandikiwe kwanza mafungu yake 17, ajue ni 850,000, fungu hilo liwe mkononi mwake. Baada ya hapo akitaka kumpa kaka yake hiyo ni hiba yake, na thawabu zake.

Makaratasi husumbua kwa sababu ndogo. Sisi huzika siku hiyo hiyo, na wengi hawakufuatilia cheti cha kifo. Bila hicho hakuna kesi ya mirathi inayoanza, kwa hiyo tafuta kibali cha mazishi cha wakati ule na uanze nacho kwa msajili wa vifo. Tatizo la pili ni majina. Hati inasema Muhammad bin Ali, kitambulisho kinasema Mohamed Ally, cheti kinasema Mohammed A. Ni mtu mmoja, ila lazima kiapo kilichothibitishwa na wakili kiseme hivyo. Kisha barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, nakala za vitambulisho, na sachi ya hati (kuikagua katika rejista) kwenye ofisi ya ardhi, ndipo muende kwa Kadhi, hakimu wa mirathi ya Waislamu.

Kadhi huyu hakuja bure. Mkataba wa Oktoba 1963 uliohusu ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulihifadhi mahakama zake, na kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ilimthibitisha katika Ibara ya 170 ya Katiba mpya ya Kenya, ingawa viongozi wengi wa makanisa walimpinga. Lakini ana mamlaka pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Ndugu mmoja akikataa, safari ni ya mahakama za kawaida.

Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hawezi kunyimwa urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu hiyo pekee. Masheikh wengi hawakuridhika, na mjadala utaendelea. Kwa upande wa vitendo, familia zilizozoea kumficha mtoto wa aina hiyo katika barua ya chifu sasa zinajitafutia mgao utakaofunguliwa upya. Baba aliye hai ana mlango ambao fiqhi (sheria ya dini) haijaufunga: mtoto asiyehesabiwa mrithi anaweza kuusiwa, ndani ya theluthi. Aandike leo.

Kwa aliyechukua pasipoti ya kigeni, Katiba inaruhusu uraia pacha. Aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine kabla ya 2010 anaweza kuurudisha kwa kuomba, chini ya Ibara ya 14. Fanya hivyo kabla ya mgao, kwani asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodi isiyozidi miaka 99, na hata akirithi ya milele inageuka kuwa ya miaka hiyo. Uraia wa pili nao unatakiwa utangazwe ndani ya miezi mitatu. Kunyamaza ni kosa.

Siasa za Pwani ni ardhi, na kila uchaguzi ukikaribia hati hugawiwa jukwaani. Ukipewa moja, ipeleke sachi wiki hiyo hiyo uone kama nambari yake imo katika rejista na kwa jina gani. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Jina lako likiwa limebaki katika kituo cha zamani cha kupigia kura, nenda mwenyewe na kitambulisho katika ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unakoishi sasa uhamishe, wala usingoje wiki za mwisho, maana rejista ya wapiga kura hufungwa mapema. Na wanaokuja kuomba kura mtaani waulizwe watafanya nini kuhusu nyumba zisizo na ardhi, kabla hawajafika kwenye habari ya barabara.