Jinsi nilivyomtafutia kaka yangu nafasi kwenye majaribio ya dawa za ALS

Kaka alipoambiwa ana ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli mpaka mwili unaisha nguvu, dokta alimwandikia riluzole na akatueleza ukweli wote, kwamba hiyo dawa ilikubaliwa Marekani tangu 1995, inaongeza muda wa kuishi kwa miezi michache na wala hairudishi nguvu iliyokwisha kupotea. Wengine walitoka pale wanalia, mimi nikabaki nyuma nikamuuliza dokta, hizi dawa mpya tunazosikia zinajaribiwa, mgonjwa anaingiaje? Akasema anaweza kuingia, ila msichelewe.

Nikaanza kupekua ClinicalTrials.gov, ni orodha ya serikali ya Marekani lakini ina majaribio ya nchi nyingi, unaandika jina la ugonjwa unachagua yanayoandikisha watu sasa hivi. Hapo ndo nikaelewa kwa nini dokta alisema vile. Karibu kila jaribio lina masharti mawili makubwa, la kwanza ni muda tangu dalili ya kwanza, mara nyingi isizidi miaka miwili au mitatu, na la pili ni pumzi, mapafu yawe bado yanavuta hewa ya kutosha. Sasa angalieni hapo kwenye dalili ya kwanza, hawahesabu kuanzia siku uliyopewa majibu, wanahesabu kuanzia siku mwili ulipoanza kugoma. Kaka alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kulia muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutaja ALS, maana kwanza walidhani ni mshipa umebanwa shingoni, na hii ni kawaida kabisa, wagonjwa wengi wanazunguka karibu mwaka mzima kabla ya kupata jibu. Kwa hiyo wakati sisi tunapewa habari, muda wake ulikuwa umeshaliwa sana.

Nilichofanya, nikakusanya kila karatasi. Cheti cha mara ya kwanza alipolalamika mkono, ripoti ya kipimo cha umeme wa misuli, kipimo cha pumzi, dawa zote anazotumia na tarehe alizoanza (riluzole hasa, maana wengi wanataka dozi iwe imetulia kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia). Yote nikayafupisha kwenye ukurasa mmoja, nikawa nawatumia waratibu wa utafiti pamoja na barua fupi. Wengine hawakujibu kabisa, wengine walijibu kwamba muda umepita, lakini waliojibu walijibu haraka kwa sababu ile karatasi ilikuwa inawapa kila kitu wanachouliza.

Na mkipata nafasi pimeni jeni mapema, usisubiri mtu aseme kuna ukoo wenye ugonjwa. Wagonjwa wenye hitilafu kwenye jeni ya SOD1 ni kama asilimia 2 tu, lakini hao wana dawa yao, tofersen, inachomwa kwenye uti wa mgongo, na Marekani waliikubali Aprili 2023. Hiyo nayo ina historia ya kujifunza, kwenye jaribio lake la watu 108 haikufikia lengo kuu la wiki 28, ila ilishusha sana neurofilamenti, ile protini inayomwagika kwenye damu neva zinapoharibika, na wakaikubali kwa msingi huo huku utafiti ukiendelea. Kaka hakuwa na hiyo SOD1. Iliniuma lakini angalau tulijua tutafute wapi.

Kipindi hicho pia simu yangu ilijaa watu wanaonitumia matangazo ya kliniki za seli shina, lipa hela nyingi upone. Mfa maji haachi kutapatapa na hao watu wanalijua hilo vizuri sana. Kipimo changu kilikuwa rahisi, nauliza kamati ya maadili iliyoidhinisha ni ipi na nani analipia dawa. Jaribio la kweli kwa kawaida halimuuzii mgonjwa dawa ambayo bado haijulikani kama inafanya kazi, kwa hiyo wakianza kunitajia bei nafunga mazungumzo.

Tukapata nafasi. Vita ikahamia nyumbani, na ilikuwa juu ya plasibo, yaani dawa bandia isiyo na kitu ndani ambayo baadhi ya washiriki wanapewa ili kulinganisha. Wifi yangu alikataa katakata, akaniambia wifi, mtu anakwisha tunamwona halafu mnataka apewe chaki? Na sikuwa na haki ya kumlaumu, ni mume wake. Nikakaa naye nikamweleza habari ya AMX0035, dawa nyingine ya ALS. Jaribio la kwanza lilikuwa na watu 137, matokeo yakaonekana mazuri, Marekani wakaikubali Septemba 2022 na familia zikafurahi sana. Likaja jaribio kubwa la watu 664, lilienda wiki 48, na Machi 2024 majibu yakatoka, dawa haikushinda plasibo. Mwezi uliofuata kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni. Nikamwambia wifi, bila hilo kundi la plasibo watu wangekuwa bado wanaimeza na kuilipia, na watafiti wangedhani kazi imeisha. Kingine kilichomlegeza ni mtindo wa majaribio ya siku hizi, kama lile la HEALEY lililoanza 2020, dawa kadhaa zinajaribiwa pamoja na zinatumia kundi moja la plasibo, kwa hiyo watu watatu kati ya wanne wanapata dawa. La kwetu nalo lilikuwa na mgao wa aina hiyo. Na mwishoni kuna kipindi cha wazi ambacho kila mshiriki anapewa dawa yenyewe. Akakubali, ila akataka aulize maswali yeye mwenyewe siku ya kusaini ridhaa, na aliuliza mazuri kuliko mimi.

Siku ya uchunguzi wa kuingia kuna maswali 12, kila swali pointi 0 mpaka 4, jumla 48. Kuongea, kumeza, kuandika, kuvaa, kujigeuza kitandani, kupanda ngazi, pumzi ukilala chali. Nesi akamuuliza unaandikaje, kaka akajibu naandika vizuri. Nesi akamuuliza tena kwa upole, vizuri kama kabla hujaumwa? Kaka akanyamaza, akamwangalia mke wake, akasema hapana, baadhi ya maneno hayasomeki. Alikuwa anaogopa akisema ukweli watamkataa. Nikamwambia kaka, ukijipandisha leo wakianza kukupima huko mbele itaonekana umeporomoka ghafla, utaharibu hesabu za watu wote. Akapata 38. Halafu kipimo cha pumzi, wanakubana pua, unavuta hewa mpaka mwisho unaitoa taratibu mpaka iishe, nesi amesimama pembeni anasema endelea, endelea, endelea bado ipo. Wanarudia wanachukua ile bora. Jasho lilimtoka, ila alipita.

Baada ya hapo kazi kubwa ni nidhamu. Daftari la dawa, saa aliyomeza, kichefuchefu, kila kitu. Ndugu wanaleta vidonge vya virutubisho na mizizi kwa mapenzi, mimi nilikuwa nasema asante halafu naweka kabatini, hakiongezwi kitu bila watafiti kujua, kwanza ini lenyewe linapimwa kila mara. Safari zinamchosha sana mgonjwa, kwa hiyo ulizeni mapema, yale maswali 12 yanaweza kuulizwa hata kwa simu, na timu yetu ilikubali baadhi ya miadi iwe hivyo.

Saivi yupo kwenye kipindi cha wazi. Hatujaambiwa mwanzoni alikuwa kundi gani. Pointi zimeendelea kushuka, na siwezi kumwambia mtu kwamba dawa imemsaidia, mgonjwa mmoja hathibitishi chochote, majibu yatatoka kwa wote pamoja. Mwenyewe kaka anasema hata kama ni plasibo alimeza, damu yake ipo kwenye maabara na kuna mtu ataitumia.

Kwa wanaoenda kusaini, maswali aliyouliza wifi ni haya, akitaka kutoka katikati atapoteza huduma zake za kawaida? (Hapana, anatoka muda wowote.) Jaribio likisimamishwa, dawa inakatwa siku hiyohiyo? Nauli nani anarudisha? Akiwa hapa anaruhusiwa kujiandikisha kwingine? (Kwa kawaida hapana, dawa moja ya majaribio kwa wakati mmoja.) Na akihitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku, atatolewa? Kwetu walisema hatolewi, inaandikwa tu kwenye kumbukumbu zake, na kweli ulipofika wakati huo aliwekewa na akaendelea.