Nilivyokisoma Mhubiri nikiwa na maswali ya msiba

Baada ya kumzika kaka yangu nilitafuta mahali katika Biblia ambapo kifo kinasemwa wazi. Mistari ya faraja nilipewa mingi na niliipokea kwa shukrani, ila swali langu lilikuwa jingine. Mtu amehangaika, amejenga, amelea, kisha anaondoka kabla hajayafaidi: ile kazi yote ilikuwa ya nini? Nililikuta swali hilo katika Mhubiri sura ya 2. Anayesema pale amejenga majumba, amepanda mizabibu, amechimba mabirika ya maji, amekusanya fedha na waimbaji, kisha anaanza kuichukia kazi yake, kwa sababu atamwachia mtu mwingine, na nani ajuaye kama huyo atakuwa mwenye hekima au mpumbavu? Nikaona hapa kuna mtu wa kuongea naye.

Nilikisoma chote kwa mkao mmoja, kwa sauti. Sura 12 si nyingi, hata saa moja haiishi. Ukikisoma hivyo unamsikia mtu akizunguka: anafika mahali, anakata tamaa, anarudi, anajaribu njia nyingine. Nukuu tulizozoea, kama ile ya kila jambo na majira yake, hazikupi mzunguko huo. Maneno “chini ya jua” yanarudi mara kwa mara, na masikio ndiyo yanayoyakamata.

Kisha nikachukua penseli za rangi mbili. Kwa rangi moja nikapigia mstari kila mahali anapokitaja kifo, kwa nyingine kila mahali anapomwambia mtu ale, anywe, aifurahie kazi yake. Hapo ndipo kitabu kilipoanza kunifungukia. Wito wa kufurahi unarudi mara saba, na karibu kila mara umekaa ubavuni mwa maneno mazito kabisa. Katika sura ya 3 anasema mwanadamu na mnyama hufa sawasawa, wote wametoka mavumbini na wote hurudi mavumbini; mistari miwili mbele anasema hakuna jema kuliko mtu kuzifurahia kazi zake. Katika sura ya 5 mtu anatoka tumboni uchi na kurudi vilevile. Mistari mitatu mbele anaambiwa ale na kunywa. Sura ya 8 inalalamika kwamba wapo wenye haki wanaopatwa na yaliyowastahili waovu, kisha papo hapo anaisifu furaha. Na sura ya 9, baada ya kusema kwamba mbwa aliye hai ni bora kuliko simba aliyekufa, na kwamba waliokufa upendo wao, chuki yao na husuda yao vimekwisha, anageuka na kuamuru: nenda, kula chakula chako kwa furaha, vaa nguo nyeupe, usikose mafuta kichwani, ishi kwa furaha na mke umpendaye.

Wapo wanaosema Mhubiri alikuwa na msimamo wa kukata tamaa, akajiliwaza kwa chakula. Mimi sikubali. Mtu anayejiliwaza hukwepa kukitazama kifo, na huyu anakitazama kwanza, halafu ndipo anapoona mezani kuna chakula. Tena anasisitiza kwamba uwezo wa kufurahia hautoki kwa mtu mwenyewe. Mwishoni mwa sura ya 5 Mungu anampa mtu mali na kumpa pia uwezo wa kuila. Mwanzoni mwa sura ya 6 yupo mwingine mwenye mali na heshima bila kupungukiwa na kitu, lakini uwezo huo hakupewa, na anayekula ni mgeni. Kaka yangu alikuwa wa kundi la kwanza. Alijua kukaa na watu na kucheka. Kwa miezi nilikuwa nayahesabu yale ambayo hakuyamaliza, na mistari hiyo ikanipa kitu kingine cha kuhesabu.

Nikaona nisikiache Mhubiri peke yake. Mithali husema kwa ujumla mwenye haki husitawi na mvivu huwa maskini. Ayubu ni mtu mwenye haki aliyepoteza mali, watoto na afya, na rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari wanachukua kanuni hiyo hiyo na kumpiga nayo: umeteseka, basi umekosa. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Inanigusa kwamba kabla ya kufungua vinywa walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno. Hakuna walilofanya likawa jema kuliko hilo. Na sura ya 14 niliisoma polepole sana: mti ukikatwa una matumaini ya kuchipuka, lakini mtu hufa, naye yuko wapi?

Kuhusu mwandishi nilisoma kidogo tu. Kitabu kinajitambulisha kwa mwana wa Daudi, mfalme wa Yerusalemu, na mapokeo yakamtaja Sulemani. Wasomi wengi wa leo wanakiweka karne nyingi baadaye. Vipande vyake vilipatikana Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, na vya kale zaidi vilinakiliwa karne ya 2 kabla ya Kristo. Wayahudi wengi hukisoma wakati wa Sikukuu ya Vibanda, sikukuu ya furaha, na baada ya zile penseli zangu jambo hilo halikunishangaza.

Sura ya 12 tuliisoma katika kikundi cha kujifunza Biblia. Walinzi wa nyumba wanatetemeka, wasagao wanaacha kazi kwa kuwa ni wachache, wachunguliao madirishani wanatiwa giza. Tukawa tunaeleza: mikono, meno, macho. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasema, “Wanangu, msieleze haraka. Someni tena, mimi nasikiliza.” Tukasoma tena hadi mtungi unapovunjika kisimani. Hakutoa maelezo yoyote, ila tangu siku hiyo tunasoma kila kifungu mara mbili kabla ya mtu kuzungumza.

Sasa nimehamia Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki. Sura ya 41 inaanza kwa kukisemesha kifo chenyewe: ni kichungu kwa mtu anayekaa kwa amani katika mali yake, na hukumu yake ni njema kwa aliyechoka, mzee asiye na nguvu. Penseli ziko palepale mezani, na kifungu hicho nimekitia rangi zote mbili.