Moyo wangu ulipata D

Siku ya tatu baada ya shambulio la moyo, mshipa ulishazibuliwa na kuwekwa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi, nikasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha eko, kipimo cha kuutazama moyo. Giza. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, kisha kile kifaa kinakandamizwa katikati ya mbavu. Hakuna mionzi, ni mawimbi ya sauti tu. Kinachochosha ni kuambiwa “toa pumzi, usivute” kila mara.

Kwenye karatasi nikasoma: EF 38%. Nimefundisha sekondari miaka 27. Naijua 38, ni D. Usiku ule sikulala.

Asubuhi daktari alicheka. “Mwalimu, mtihani huu hauna 100.” Akanieleza kuwa namba ile ni sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba cha chini cha kushoto kwa kila pigo, na kwamba moyo usio na ugonjwa hupata kama 55 hadi 70. Yaani hata wenye afya tele huishia B! Tena misuli ya ukuta wa mbele haikufa yote. Mingine imepigwa bumbuwazi kwa kukosa damu, huenda ikazinduka baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana uamuzi mzito, kama kupandikiza kifaa cha kuushtua moyo, husubiri eko ya miezi mitatu hivi.

Mimi sikusubiri. Wiki ya pili nikaenda kliniki nyingine, nikalipa, nikapata 44. Nikajiona nimepona, nikaanza kuruka vidonge vya jioni. Mke wangu hakusema neno. Aliichukua karatasi akaipeleka kwa daktari. Nilipoitwa, nikakutana na swali: “Insha moja wakiisahihisha walimu wawili, watatoa alama sawa?” Nikanyamaza. Kumbe mpimaji huchora ukingo wa chumba cha moyo kwenye skrini, na mkono ukibadilika namba hupanda au kushuka alama kadhaa. Tangu hapo napima pale pale, na karatasi za zamani naenda nazo.

Mwezi wa tatu, dawa nimemeza zote na kila asubuhi natembea nusu saa: 51. Ncha ya moyo bado haikazi vizuri. Damu ikituama hapo huweza kuganda, kwa hiyo waliitazama mara mbili wakitafuta damu iliyoganda, hawakuiona.

Nikampigia mke wangu. Akauliza hiyo ni daraja gani.

“C.”

“Haya. Vidonge vya jioni viko mezani.”